Meshi ya wifi inasuasua: uipange upya, uivutie waya, upitishe kwa stima ama urushe paa kwa paa?

Kila nikishuka boti hapo Mkunguni, Amu (yaani Lamu), kuna mtu atanishika mkono, na swali huwa lilelile: nimenunua ile meshi ya vidude vitatu vinavyopokezana wifi, boksi limesema itafunika nyumba nzima, mbona chumbani video inazunguka tu na simu ya WhatsApp inakatika katikati ya neno? Na kila mmoja anakuja na ushauri alopewa tayari. Huyu kaambiwa aongeze nodi, yaani kidude, ya nne, huyu avute waya, huyu atumie zile adapta za kupitisha intaneti kwa waya wa stima, na mwenye nyumba mbili kaambiwa afunge visahani juu ya paa. Ushauri wote huo unafanya kazi, ila kwa nyumba ya mtu mwingine. Kwa hivyo hebu tuziweke njia hizi nne pamoja, tuzipime kwa kipimo kimoja, halafu kila mtu achague yake.

Mwanzo jua ugonjwa uko wapi

Kulinganisha hakuna maana kama tatizo ni laini inayoingia nyumbani. Toa dakika ishirini upime. Chukua laptopu, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye modemu, zima wifi ya laptopu, pima spidi, kisha urudie usiku saa tatu wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Kama unalipia Mbps 20 na kwa waya unapata 3, shida ni ya walokuuzia laini, wapigie hao, hata uzungushe nodi kumi haitasaidia kitu. Kama kwa waya ni 20 na chumbani ni 3, basi ugonjwa uko ndani ya nyumba na ni wewe wa kuutibu.

Pili, pingi rauta yako mwenyewe, yaani itumie ujumbe mdogo upime jibu linarudi baada ya muda gani, sio tovuti ya nje. Anwani yake huwa kitu kama 192.168.1.1 ama 192.168.0.1, utaiona kwa mipangilio ya wifi ya simu. Ukikaa karibu na rauta majibu yanarudi kwa milisekunde chache, tatu, tano. Sasa panda juu ukafanye vilevile ukiwa umeshikwa na nodi ya mwisho. Ikianza kuruka 8, 240, 15, 600, halafu jibu limepotea kabisa, mwizi ushamuona: sio intaneti, ni mazungumzo ya nodi na nodi.

Na hapa ndipo wengi wanapotea, manake simu inaonyesha vijiti vyote vinne na mtu anaapa wifi yake ni kali. Vijiti hivyo vinakwambia wewe na nodi ilo karibu nawe mnasikizana, basi. Hiyo nodi inasikizana vipi na mwenzake wa chini, hilo simu haikuonyeshi. Fungua programu ya meshi utafute nguvu ya signali ya kila nodi, inaandikwa kwa dBm na ni namba ya kutoa, kadri inavyokaribia sifuri ndio nzuri. -50 hivi ni safi, -65 unaishi nayo, ikifika -75 na kushuka hiyo nodi inabahatisha.

Nyumba zetu za mawe nazo zina mambo yao. Boriti ya mikoko haivuki mita tatu hivi, ndio maana vyumba vya Amu ni vyembamba na virefu, vimepangana kimoja nyuma ya kingine, kiwanda (uwanja wa wazi ndani ya nyumba), msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (wa juu), ndani, na baina yao ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene si mchezo, kuna mahali unaweka mkono mzima ndani ya dirisha na vidole havijatoka upande wa pili. Sakafu ya juu vilevile, boriti, mawe, chokaa iloshindiliwa. Signali ikitoka mbele kwenda ndani haivuki ukuta mmoja, inavuka miwili mitatu, na GHz 5 ambayo ndiyo yenye spidi ndiyo inayochoka mapema. GHz 2.4 inapenya zaidi lakini njia yake ni nyembamba na majirani wote wako humohumo. Zile mita za mraba zilizoandikwa kwa boksi zimehesabiwa na mtu alokuwa akifikiria kuta za mbao na jipsamu. Jipsamu, kwenye mtaa wa mawe wa Mkomani!

Tunapima kwa nini

Vigezo vyangu ni vitano. Mfuko. Spidi na utulivu, na hapa naomba utulivu uupe uzito kuliko spidi, kwa sababu video ya HD inataka kama Mbps 5 tu lakini zije mfululizo. Nyumba itaumia kiasi gani, utatoboa wapi. Stima ikipotea na chumvi ya bahari. Na mwisho nani atatunza kitu hichi wewe ukiwa umesafiri.

Halafu kuna jambo moja la kukumbuka kote: linganisha na laini unayolipia. Kama bando la nyumba ni Mbps 10, meshi inayofikisha 40 chumbani imetosha na imebaki, kuvuta waya wa gigabiti (Mbps 1000) hapo ni kuchimba kisima cha ngamia umnyweshe kuku.

Njia ya 1: kubaki na hewa lakini uipange upya

Nodi nyingi za bei ya kawaida zina redio moja ya GHz 5 inayofanya kazi mbili, inakuhudumia wewe na inampelekea rauta, na redio haiwezi kusema na kusikiza kwa chaneli hiyohiyo kwa wakati mmoja. Kwa hivyo kila mruko wa nodi hadi nodi unakula nusu hivi. Ukianza na 200 karibu na rauta, nodi ya kwanza inabaki 100, na nodi ya pili ikipitia kwa hiyo ya kwanza inabaki 50, na hapo ukuta haujachukua chake. Kuna zenye redio ya tatu ilotengwa kwa mazungumzo ya nodi tu, hizo zinavumilia zaidi ila bei nayo inapanda, na ukuta wa mawe haujali umelipa ngapi.

Kosa kubwa, nami nimelifanya nyumbani kwa ami yangu, ni kuweka nodi pale ambapo wifi haifiki. Akili inakwambia si ndiko kunakohitajika? Nikaiweka ndani kabisa, chumba cha mwisho, taa ikawa nyekundu, nikaisogeza nyuma ya tivii, nikairudisha, wiki nzima ami ananiangalia na kahawa yake hasemi kitu. Nodi ni tarishi. Tarishi asiyesikia ujumbe ataupelekaje? Nilipoitoa nikaiweka kwa ngazi, mahali inapoiona rauta ya chini kupitia uwazi wa kiwanda, chumba kile cha ndani kikapata wifi kutoka mlangoni na taa haijabadilika rangi tena.

Kwa hivyo nyumba ya mawe usiipime kwa mita, ipime kwa uwazi. Kiwanda, ngazi, milango inayotazamana, madirisha ya kiwandani, hizo ndizo barabara za wifi. Weka nodi nusu ya njia, mahali ambapo wifi bado ni nzuri. Usiiweke kwenye zidaka (vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu), najua zidaka ni mahali pazuri pa kuweka kitu na kinapendeza, lakini hapo umeizungushia mawe pande zote isipokuwa mbele. Hakikisha kila nodi inazungumza na rauta yenyewe, sio nodi kupitia nodi kupitia nodi. Na punguza! Nyumba ndogo yenye nodi nne ni kama baraza ambapo wote wanaongea pamoja, toa moja uone.

Mengine ya haraka. GHz 2.4 iweke chaneli 1, 6 ama 11, hizo tatu haziingiliani, na upana uwe MHz 20. Kwa GHz 5 mtaa ukiwa umejaa shusha kutoka MHz 80 hadi 40, spidi ya karatasini inapungua na utulivu unaongezeka. Kama meshi inapotea kwa dakika moja moja bila sababu angalia kama iko chaneli za 52 mpaka 144, hizo zinalazimika kuhama zikisikia rada na mara nyingine zinahama kwa kudhania tu, zirudishe 36. Zima wifi ya modemu, manake mara nyingi bado inapiga kelele pembeni, na kama modemu na meshi zote zinagawa anwani, mmoja wao aachie kazi hiyo. Simu inayong'ang'ania nodi ya chini wewe uko juu ya paa, zima wifi uwashe, ni tabia ya simu yenyewe.

Mfuko: bure, ama karibu bure. Spidi na utulivu: wastani, nyumba ya mawe ya gorofa tatu itakutesa. Nyumba haiumii hata kidogo. Stima: kila nodi inataka soketi yake na betri yake, na stima ikipotea sehemu moja tu ya nyumba mnyororo umekatika. Utunzaji ndio balaa, kwa sababu kinachosogezeka kitasogezwa, na kama una wageni kuna siku mmoja atachomoa nodi achaji simu halafu akupigie kulalamika wifi imekufa.

Inamfaa mpangaji, mwenye laini ndogo, nyumba ya makuti ama ya matofali membamba kule Langoni na mitaa mipya, na mtu yeyote ambaye hajajaribu bado. Yaani hata kama mwisho utachagua nyingine, anza hapa.

Njia ya 2: nodi zilezile, lakini ziungwe kwa waya

Hapa hununui meshi mpya. Unavuta waya kutoka rauta mpaka kila nodi, nodi zinaacha kuitana hewani, redio yote inabaki kwa ajili yako. Jina la wifi ni lilelile, kutembea kutoka chini hadi juu ni vilevile, tofauti ni kwamba ukuta umetolewa kwenye hesabu.

Kabla ya kununua waya geuza nodi uangalie tundu. Nyingine hazina kabisa, nyingine zinalo lakini ni la Mbps 100 tu, si neno kama laini yako ni 30, ni hasara kama ni 200. Waya uwe Cat5e ama Cat6, yote mawili yanabeba gigabiti mpaka mita 100 na hakuna nyumba Amu yenye urefu huo. Ila uwe shaba tupu. Kuna waya wa alumini ulopakwa shaba juu, ni mwepesi, ni rahisi kwa bei, na fundi mmoja alinivutia huo bila kuniambia. Ukaenda vizuri miezi kadhaa halafu spidi ikaanza kudondoka kila siku kidogo, nikafungua ncha, unga mweupe. Hewa ya pwani haina huruma na alumini. Siku hizi nauchuna waya kwa kisu dukani mbele ya muuzaji, ndani ukiwa na rangi ya fedha naurudisha.

Njia ya kupitisha ndiyo kazi yenyewe. Ukuta wa matumbawe ukiutoboa kwa drili ya kupiga unaweza kumomonyoka ukatoka na chokaa ya mkono mzima, na mji mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo waya unaoning'inia juu ya mlango wa nakshi sio mambo ya kufanya kienyeji, uliza kwanza kwa wahifadhi wa mji kabla ya kugusa ukuta wa nje. Ndani ya nyumba fuata kiwanda kwenda juu, fuata ngazi, fuata bomba la zamani la maji, pita pembeni ya boriti. Mwenye nyumba mbili zilizounganishwa na wikio (daraja la juu ya kichochoro) ana bahati yake, barabara ya waya ishajengwa na babu zake. Tia waya kwenye bomba la plastiki, panya wapo, na usiuzike kwenye chokaa mbichi.

Onyo moja: ukiunga nodi kwa waya wakati baadhi ya meshi za bei nafuu bado zinaitana hewani, data inaweza kuzunguka duara mpaka mtandao mzima ukasimama. Dalili yake ni kwamba ukichomeka waya kila kitu kinakufa na ukichomoa kinafufuka. Sasisha programu ya nodi, na kama kuna mpangilio wa kuchagua waya kama njia ya kuungana, uchague.

Mfuko: waya, bomba, ncha, swichi ndogo ya mtandao kama matundu ya rauta hayatoshi, na siku ya fundi, na mara nyingi fundi ndiye ghali kuliko vitu. Spidi na utulivu: hakuna kinachoifikia kati ya hizi nne. Nyumba inaumia kidogo ama sana, inategemea subira yako. Stima ni kama njia ya kwanza, kila nodi bado inataka soketi, isipokuwa zile zinazokubali POE, yaani stima inapita kwa waya uleule wa mtandao, hapo betri moja chini inaweka nyumba nzima hewani stima ikipotea na hiyo ni raha ambayo siwezi kuieleza. Utunzaji: kagua ncha kila msimu, zikianza kutu zikate upige mpya, dakika tano.

Inamfaa mwenye nyumba yake, mwenye wageni wanaofanya kazi mtandaoni, na kila alofanya vipimo vya juu akaona nodi iko -75 popote aiwekapo.

Njia ya 3: kupitisha kwa waya wa stima

Adapta mbili, moja unaichomeka ukutani karibu na rauta, nyingine chumba cha ndani, intaneti inasafiri ndani ya nyaya za stima zilizomo ukutani tayari. Ukiisikia mara ya kwanza unasema kwa nini nisianze na hii?

Kwa sababu hapa unaoa usichokijua. Namba ya kwenye boksi na namba utakayoipata chumbani haziko hata ukoo mmoja, inategemea nyaya zako ni za mwaka gani na viungo vyake vikoje, na nyumba zetu nyingi stima ilitiwa kipande kipande, gorofa hii enzi za babu, gorofa ile juzi. Nyumba yenye mita mbili, ama yenye fezi zaidi ya moja na vyumba vimegawanywa, adapta mbili zinaweza zisionane kabisa. Pia zichomekwe ukutani moja kwa moja, ukiziweka kwenye ekstensheni yenye kinga ya stima ama nyuma ya UPS (betri ya akiba) ile kinga inachuja signali kama takataka. Pampu ya maji ikiwaka, chaja mbovu ikichomekwa, spidi inayumba.

Mfuko: kati na kati, rahisi kuliko kazi ya fundi. Spidi: inatosha kwa laini ndogo, utulivu ni wa bahati, ila kuna nyumba nimeona inaenda miaka bila mtu kuigusa. Nyumba haiumii, hakuna tundu, na hili kwa nyumba ya urithi si jambo dogo. Stima ikipotea imekufa, hakuna ujanja, hata kama nodi zako zina betri. Utunzaji hakuna, inafanya kazi ama haifanyi.

Inamfaa mpangaji ambaye kakatazwa kutoboa na nodi zimeshindwa kuonana hewani, au chumba kimoja tu kilichojitenga. Nunua kwa mtu atakayekubali kurudishiwa, ama azima ya rafiki ujaribu siku mbili, pampu ikiwa inawaka na friji inawaka, usijaribu nyumba ikiwa imelala.

Njia ya 4: kurusha paa kwa paa

Hii sio ya nyumba moja. Ni ya mtu mwenye nyumba Mkomani na nyingine vichochoro viwili mbele, ama nyumba ya wageni na vyumba vya nyongeza upande wa pili wa shamba, kule Malindi hizi za nyumba kuu mbele na banda nyuma ya bustani ziko nyingi. Watu wanajaribu kuvusha kwa nodi ya dirishani na hiyo nodi inakufa polepole, wakati visahani viwili vidogo vya GHz 5 vinavyoangaliana vinaweza kuvuka mamia ya mita na zaidi bila jasho, huku na huku unaunganisha rauta ama nodi kwa waya.

Sharti ni moja, vionane. Jicho la sahani moja lione nyingine bila mwembe wala mnazi katikati, na sio mstari tu kama uzi, kunatakiwa uwazi juu na chini ya mstari huo pia. Majani makavu unaweza ukayavumilia, majani yaliyolowa mvua ya masika ni ukuta wa maji. Makuti vivyo hivyo, makavu signali inapita, yakilowa inasinzia, kwa hivyo usirushe kupitia banda la makuti la juu ya paa hata kama jana ilifanya kazi.

Na sasa jambo ambalo nililiona tu baada ya kulifukuzia mwezi mzima. Kiungo kinachovuka maji, tuseme Amu kwenda kisiwa cha Manda, kinaweza kuwa kizuri asubuhi na kibaya mchana, kesho yake saa zimesogea, mtu anabadilisha sahani, anabadilisha waya, analaumu joto. Ni maji. Bahari inarudisha signali kama kioo, ile iloenda moja kwa moja na ile iloruka kwa maji zinafika pamoja, mara zinasaidiana mara zinauana, na kioo chenyewe kinapanda na kushuka kila maji yakijaa na kupwa. Ukiandika saa za kukatika ukazilinganisha na maji, bamvua (maji makuu) hasa, utacheka peke yako. Dawa ni kubadilisha urefu wa sahani moja, mara nyingine kuishusha sio kuipandisha, ili ukuta wa jengo ama ufuo ukinge ule mwonzi unaoruka majini.

Mfuko: unazidi njia tatu za juu, ongeza mlingoti, waya wa nje wenye ganda jeusi la kuvumilia jua, na kinga ya radi pamoja na athi (waya wa kwenda ardhini), hivyo viwili vya mwisho usivirukie. Spidi nzuri, utulivu mzuri kama mmeonana kweli. Nyumba inaumia kidogo lakini kinachokaa paani kinaonekana, kwa mji mkongwe uliza. Stima: visahani vingi vinakula POE na umeme kidogo, betri ndogo inatosha, ila pande zote mbili ziwe na betri, moja haina faida. Chumvi ndiyo adui, vyuma viwe vya pua, waya upinde chini kabla ya kuingia ili maji yadondoke, na kusi ikianza kuvuma panda ukakaze skrubu kwa sababu sahani ilogeuka kidogo tu ishapoteza mwenzake.

Inamfaa mwenye majengo mawili. Mwenye jengo moja na kuta mbaya asiende huku.

Kuhusu zile ekstenda za kuchomeka ukutani, za bei ya chini kabisa: ni njia ya 1 bila akili ya njia ya 1. Kwa chumba kimoja na mtu mmoja anayesoma habari, sawa.

Kwa hali yako sasa

Umepanga chumba ama gorofa, laini ni Mbps 10 mpaka 20: panga nodi upya, toa moja kama ziko nyingi, na chumba kikibaki kigumu jaribu adapta za stima za kuazima.

Nyumba ya mawe ya familia, gorofa mbili tatu, watoto juu wanasoma na wewe chini unaangalia mpira: waya mmoja tu kupitia kiwanda mpaka nodi ya juu, hiyo nyingine ibaki hewani. Si lazima uunge zote, mruko mbaya mara nyingi ni mmoja na ukiutibu huo nyumba inatulia.

Nyumba ya wageni: waya kwa zote, za POE kama ndo unanunua sasa, betri moja chini, na nodi zikae juu mahali mgeni hafikii soketi.

Nyumba ya makuti Shela ama Malindi, kuta fupi na upepo unapita: hewa inatosha, pesa zako weka kwa laini kubwa zaidi.

Majengo mawili yanayoonana: sahani paa kwa paa, na ndani ya kila jengo rudi kwa njia ya 1 ama ya 2. Majengo mawili yasiyoonana lakini yana wikio ama ukuta wa pamoja: waya.

Na kama vipimo vyako vinabadilika kila siku, leo nodi -60 kesho -78 na hakuna kilichosogezwa, usinunue chochote bado. Gusa adapta ya nodi, kama inachoma mkono ibadilishe kwanza. Kisha kaa siku tatu na karatasi, andika saa, andika pampu iko waka ama zima, mlango wa chuma wa jirani uko wazi ama umefungwa, na kama kiungo kinavuka maji andika na maji yenyewe, halafu ndo uniite.